Kadi Mbili, Damu Moja

Barua ile ilitundikwa juu ya meza ya kukatia, mahali ambapo mafundi wengine hutundika kalenda. Rula mwenyewe ndiye aliyeigongomelea, tena kwa misumari minne, utadhani kuna mtu anapanga kuja kuiiba. Mteja akija kuchukua suruali yake, kabla hajaulizwa kama inambana, alisomewa barua. Ilisema kwamba fundi huyu, mwanaume wa miaka sitini na minane, hana dalili ya kisukari. Ilisema pia kwamba katika zile protini zinazouamrisha mwili ukue na ujitengeneze, yeye amezaliwa na aina inayoelekea kumkinga mtu na ugonjwa huo uzeeni. Chini kulikuwa na muhuri, na Rula alikuwa mtu wa kuamini mihuri.

Dada yake alimsikiliza kutoka kwenye cherehani, kichwa kimeinama, anashona. Yeye alijua kwamba damu iliyosifiwa katika barua ile ilikuwa yake.

Mtaa uliwaita Rula na Kifungo, na ukiwaona huhitaji kuuliza kwa nini. Kaka alikuwa mrefu, mkavu, amenyooka. Dada alikuwa mfupi kiasi kwamba kanyagio la cherehani yake liliongezewa kipande cha ubao ndipo miguu ilifikie. Walikuwa wameachiana ziwa, wawili tu kwa mama yao, na mama ndiye aliyewafundisha kazi. Duka walilirithi kwake. Kaka alikata, dada alishona, miaka arobaini na ushei, wakizozana kila siku ya Mungu kuhusu chaki iliyopotea na mkasi uliohamishwa, na hawajawahi kufunga duka hata siku moja kwa sababu ya ugomvi.

Mama huyo sukari ndiyo iliyomuua, na haikumuua kwa mkupuo. Ilianza na macho, ikaja vidole vya miguu, ikaenda ikirudi kama mgeni asiyejua kuaga. Wakati huo Rula na Kifungo walikuwa vijana, na kazi yao ya asubuhi ilikuwa kutoa ndoo ya mkojo wa mgonjwa. Wakichelewa walikuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo. Mama alikuwa akisema hao ndio madaktari wake, hawakosei na hawachomi sindano. Alikuwa mcheshi hata kufa kwake. Rula ndiye aliyefundishwa kumchoma ile sindano ya kila siku, na tangu mama alipozikwa hakutaka kuiona nyingine. Sindano ya nguo aliichezea mdomoni kama kijiti cha meno, lakini ile ya kumchoma mtu ilimtoa jasho. Watu walimcheka sana kwa hilo, na Kifungo alikuwa wa kwanza.

Basi siku nesi wa utafiti alipoingia dukani na begi lake la mgongoni, mwanaume mpole mwenye sauti ya chini, aliyemsikiliza kwa masikio yote mawili alikuwa Kifungo. Nesi alieleza kwamba mwilini mna protini ambazo kazi yake ni kuuambia mwili ukue, na mtu akishakua, ziutengeneze pale unapochakaa. Maagizo ya kuziunda yameandikwa ndani ya kila mtu tangu tumboni, ila hayafanani neno kwa neno. Herufi moja ikitofautiana, huenda mmoja akazeeka na sukari na mwingine akazeeka salama, na hilo ndilo walilotaka kulijua. Walitafuta wazee wa zaidi ya miaka sitini, ndugu wawili kwa kila familia. Akikosekana mmoja, familia haiandikwi. Majibu yangeletwa kwa barua.

Kifungo alikuwa akiyangoja majibu hayo tangu mama alipokatwa kidole cha kwanza. Kila alipoamka na kiu aliogopa, na kila jicho lilipomcheza aliogopa zaidi, na hofu hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Akakubali kwa niaba ya wote wawili kabla Rula hajafungua mdomo.

Nesi aliwaachia bahasha mbili. Kila moja ilikuwa na kadi ngumu yenye duara tano, kichomeo kidogo cha kutobolea kidole, na karatasi ya maelezo: jaza duara kwa matone ya damu, anika kivulini, usiguse. Angepita Alhamisi kuzichukua.

Alhamisi ilipofika kadi ya Kifungo ilikuwa imeshakauka, duara zote tano nyekundu, safi. Ya Rula ilikuwa nyeupe kama alivyoipokea. Aliisukuma juu ya meza mpaka ikamfikia dada yake.

"Nijazie na yangu."

"Kaka, wamesema kila mtu na yake."

"Mama mmoja, baba mmoja. Ukitaka kujua kama kitambaa kinachuja, unalowesha jora zima? Si unakata kipande?"

Kifungo alicheka, na alicheka kwa sababu ndivyo walivyofanya kazi maisha yao yote. Jora jipya likiingia dukani, kabla ya kukata hata sare moja, mama aliwafundisha kuchana kipande cha ukubwa wa kiganja, kukichemsha, kukianika, halafu kukipima tena. Kikinywea, jora lote litanywea, na kikichuja, lote litachuja. Kipande hakijawahi kuwadanganya. Na damu nzito kuliko maji, si ndivyo wasemavyo? Basi Kifungo akajitoboa kidole kingine. Vidole vyake vilikuwa vimechomwa na sindano mara zisizo idadi, na moja zaidi haikuwa kitu. Nesi alipopita jioni alizikuta kadi mbili zimekauka pamoja, akashukuru, akaenda zake.

Barua zilipokuja zilifanana kila kitu isipokuwa jina, jinsia na umri. Tuseme haki: Kifungo hakuona uongo wowote hapo. Aliona kwamba yeye na kaka yake wameponea chupuchupu, kwamba mama aliondoka na ugonjwa wake wote, hakuwaachia. Alilia kidogo kwa furaha, akapangusa macho kwa kipande cha bitana, akarudi kwenye pindo.

Ilipita kama miezi kumi. Rula akaanza kunywa maji. Lile jagi la pembeni ya pasi, ambalo zamani lilijazwa asubuhi likawatosha wote hadi jioni, sasa alilimaliza peke yake kabla ya adhuhuri. Suruali zake zikaanza kumpwaya. Kifungo alimpunguzia kiuno inchi mbili, na baada ya majuma machache, inchi mbili nyingine. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake, na futi haina adabu ya kuficha. Rula alisema uzee unamkausha mtu, na kwamba afadhali kukauka kuliko kuoza.

Asubuhi moja Kifungo alikwenda chooni nyuma ya duka, akawakuta sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mwembamba mweusi, wamevuka sakafu ya saruji na kujikusanya pale pale ambapo mwanaume husimama. Alisimama akiwatazama. Kisha akachukua ndoo, akawamwagia maji, akafagia.

Kesho yake walirudi. Akawamwagia tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya kwanza kila asubuhi kabla kaka hajafika, naye alipofika alikuta saruji imeoshwa, akamtania kwamba usafi umempanda kichwani.

Mtu akiniuliza kwa nini hakusema, nitamjibu kwamba hata yeye alijiuliza. Kusema kwamba kaka anaumwa kulikuwa kusema kwamba barua ni ya uongo, na kusema hivyo kulikuwa kumtaja mwongo. Angemwambia nini yule nesi? Na Rula alivyoisoma ile barua kwa kila mteja, kwa sauti ile ya mtu aliyesamehewa, nani angeipandia kiti na kuing'oa? Kifungo alijiambia kwamba labda ni sabuni, labda mtu amemwaga chai. Alijua vizuri ile methali ya mficha maradhi kwamba kifo humuumbua, na alikuwa ameshawatolea majirani wengi. Kila alipojitayarisha kuanza, alijipa siku moja zaidi.

Sasa, dukani mwao kulikuwa na sheria, na sheria hiyo ilikuwa ya Rula. Sindano ya cherehani ikivunjika, kazi inasimama. Unatafuta vipande vyote, unavipanga mezani, unavilinganisha mpaka sindano ionekane nzima, ndipo unaweka mpya. Alisema nguo ya mtu si mahali pa kuficha chuma. Juma moja kabla ya shule kufunguliwa, sindano ya Kifungo ilivunjika juu ya mshono mnene wa mfuko. Vipande viwili vilipatikana, lakini ncha haikuonekana. Walipapasa sakafu, wakapitisha sumaku, wakakung'uta sare. Wazazi walikuwa mlangoni wanadai nguo za watoto, na Rula mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisema tuache, itakuwa imerukia nje.

Ncha ilikuwa imeingia kwenye unyayo wake wa kushoto. Aliyeogopa sindano kuliko watu wote mtaani alitembea na sindano mguuni siku nane, akasimama juu yake akikata, akapanda nayo ngazi za nyumbani kwake, na hakujua. Kifungo ndiye aliyeona alama za unyevu sakafuni, chini ya meza, kila mahali alipokanyaga kaka yake. Alipomvua kandambili alikuta unyayo umevimba na rangi imegeuka, na harufu ikampanda. Akabonyeza kwa kidole.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?" Rula alisema.

Walikwenda zahanati. Tabibu alikitazama kidonda, akaitoa ile ncha kwa koleo, akainyanyua mwangani kwa mshangao, halafu akauliza swali ambalo lazima liulizwe: mzee ana sukari? Rula alikuwa amejiandaa. Barua aliing'oa ukutani kabla hawajatoka, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati. Aliifungua mbele ya tabibu, akaweka kidole kwenye muhuri. Tabibu alisoma hadi mwisho. Kijimashine cha kupimia kilikuwa mezani, na kichomeo kando yake. Alisema watu wa utafiti wana mashine kubwa kuliko zake, hana haja ya kumtoboa mzee bure.

Rula alimgeukia dada yake, amekunjua uso kama mtoto aliyeambiwa hachomwi. Kifungo alikuwa amesimama mlangoni. Mdomo ulimfunguka kabisa. Akaufunga.

Walipewa vidonge na bandeji. Siku kumi na mbili baadaye mguu ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo na Rula alikuwa akiongea maneno yasiyoeleweka. Binti yake wa pekee, msusi, alitafuta gari wakamfikisha hospitali kubwa. Huko hawakusoma barua ya mtu. Walipima, wakatazamana, wakaandika. Mguu ulikatwa chini ya goti, na baada ya siku nne ulikatwa tena juu ya goti.

Kifungo alikuwa kando ya kitanda Rula alipopata fahamu. Mgonjwa wa jirani alikuwa amelala, na binti alikuwa amekwenda kufua. Rula aliitazama shuka mahali ilipolala bapa. Aliitazama muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Ile damu ilikuwa yako," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Mimi ndiye niliyekuomba."

Kifungo alitaka kumwambia habari ya chooni. Aliifikisha mpaka kwenye meno. Lakini kaka alikuwa amemshika mkono, na mkono wake ulikuwa moto.

"Mwambie mtoto," Rula alisema. "Akapime. Umwambie wewe, mimi sitawahi."

Kifungo aliahidi. Rula alikufa Jumapili, moto wa kidonda umemwingia mwilini.

Msibani watu walisema mzee ameuawa na sindano. Ilikuwa hadithi nzuri ya kusimulia, fundi na sindano, na kila aliyeisikia alitikisa kichwa na kwenda kuwasimulia wengine. Binti aliishika hiyo hiyo. Madaktari walimtajia sukari, lakini alikuwa amewasikia wakisema kwamba kidonda kikali chenyewe hupandisha sukari, na hilo likamtosha. Baba yake alikuwa na damu njema, na barua ilikuwepo. Aliiomba, akaichukua, akaibandika kwenye kioo cha saluni yake, apate kumkumbuka. Kifungo ndiye aliyempa gundi.

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu alizaliwa mapema na akahamia dukani. Kila asubuhi Kifungo alisema leo nitakwenda, na kila jioni alikuwa na sababu. Arobaini ipite kwanza. Mtoto apate nguvu kwanza. Meza ya kukatia ilikaa tupu, na juu yake misumari minne imeshika vijipande vya karatasi.

Aliyemtoa nje ni nesi wa utafiti. Alikuja na begi lile lile, akavua viatu mlangoni, akasema amekuja kuuliza jambo dogo. Mitambo yao imeonyesha kwamba kadi mbili za familia hii zimetoka kwa mtu mmoja, tena mwanamke. Je, zilichanganyika? Mzee yuko wapi?

Kifungo alimwambia yote ya kadi. Nesi hakumkemea, na ingekuwa heri kama angemkemea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema pole. Kifungo alimweleza habari ya jora na kipande, akataka kujua kosa liko wapi, maana mama alikuwa mmoja na baba mmoja. Nesi akafikiri, akaokota vitambaa viwili kwenye kikapu cha mabaki.

"Mama, ndugu hawakatwi kwenye jora moja. Kuna jora la baba na jora la mama, na kila mtoto anashonwa kwa viraka vyake, huku kidogo, huku kidogo. Wewe ulipata kiraka kizuri. Kaka yako hakukipata."

"Na mtoto wake?"

"Mtoto wake ameshonwa kutoka kwa kaka yako, si kutoka kwako." Alivirudisha vitambaa kikapuni. "Ile barua ya mzee itabidi ichanwe. Ya kwako ni ya kweli. Ni habari njema, mama. Wewe huenda ukaishi sana."

Kifungo hakujua kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Alivaa kandambili, akafunga duka mchana kweupe, akaenda.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya binti. Hakukuwa na mteja. Binti alimpokea kwa mikono miwili, shangazi umepotea, karibu, keti. Kwenye kioo barua ilikuwa imekaa katikati, imezungukwa na picha za mitindo ya nywele. Chini yake, kati ya vitana na mafuta, kulikuwa na jagi kubwa la maji, na bilauri. Binti alijimiminia akiwa bado anasalimu, akanywa yote, akajimiminia tena. Alisema joto la siku hizi halistahimiliki. Kifungo alimtazama vifundo vya mikono vilivyokonda, akatazama gauni lake. Gauni hilo alilishona yeye, na sasa lilikuwa linamwelea kifuani.

Alipiga moyo konde, akafungua kinywa, na alichosema ni kuomba kwenda uani.

Choo kilikuwa kisafi, sakafu ya saruji, ndoo ya maji imejaa mlangoni na kikombe kinaelea. Mstari ulikuwa umetoka chini ya mlango. Ulikuwa mwembamba, haujakolea, bado wa kwanza kwanza, na ulikwenda ukaishia pale pale pa kukojolea. Mkono wa Kifungo ulikuwa umeshashika ndoo kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote. Mkono ulijua kazi yake. Aliinyanyua, na maji yakammwagikia miguuni. Akairudisha chini.

"Mwanangu," aliita. "Njoo huku."

Binti alikuja na kitana mkononi. "Kuna nini, shangazi?"

"Tazama."

Binti alitazama, akatabasamu kwa aibu ya mwenye nyumba. "Sisimizi hao. Siku hizi wananisumbua. Wamwagie maji tu, wanaondoka."

"Wanaondoka," Kifungo alisema. "Wa baba yako niliwamwagia miezi mitatu."

Binti hakuelewa mara moja. Alimtazama shangazi yake, akautazama ule mstari mweusi, akageuza shingo kuelekea chumba cha mbele, kwenye kioo. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo. Kifungo akasimama kati yake na ndoo, akaanza kumweleza, tangu ile Alhamisi ya kadi.